Barua ya Mtu ni Siri Yake

Wazee wa kando ya Ziwa Victoria wanazikumbuka enzi ambapo barua ikifika kijijini haikuwa ya mwenyewe peke yake. Ilikuja kwa sanduku la posta la shule au la kanisa, ikapelekwa nyumbani, kisha ikaanza safari ya pili ya kumtafuta mtu wa kuisoma. Aghalabu msomaji huyo alikuwa mtoto wa shule. Mama aliketi mkekani akasikiliza habari za mwanawe aliyekwenda kutafuta kazi mbali, na majirani waliokuwapo wakasikiliza pia. Kama barua ilikuwa na habari ya deni, ya ugonjwa au ya ugomvi wa ndoa, mtaa mzima uliipata kabla ya jua kuchwa. Na jibu lilipoandikwa, liliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, kwa maneno aliyoyachagua mtu huyo.

Aibu hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo elimu ya watu wazima ilikusudia kuyaondoa. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao baadaye ulipewa jina la Kagera. Mradi huo ulisaidiwa na UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilimfundisha mkulima kusoma kwa habari za pamba na migomba, na mvuvi kwa habari za samaki na nyavu. Mwaka 1970 Rais Julius Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya 6 za kwanza zilizotakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma. Nchini kote watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokadiriwa kuwa asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975. Maelfu ya wazazi wa Kanda ya Ziwa walifungua barua zao wenyewe, wakazisoma, wakazikunja na kuziweka sandukuni bila ya mtu mwingine kujua kilichomo.

Lakini vitabu vile vilichapwa kwa wino, na wino huhitaji macho. Kwa mtu asiyeona mlango huo haukufunguka. Ni kweli kwamba maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille katika miaka ya 1820, yalimpa kitabu na daftari. Shule ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma ilianza kazi hiyo mwaka 1950, na nyingine zikafuata. Umoja wa Posta Duniani nao, tangu mwaka 1952, uliondoa ada ya posta kwa maandishi ya wasioona, ili umaskini usiwazuie kuandikiana. Hata hivyo, nukta nundu hufaa pale tu ambapo mwandishi na msomaji wote wawili wanazijua. Afisa elimu hazijui, meneja wa benki hazijui, na daktari hazijui. Barua zao ziliendelea kuja kwa wino, na asiyeona akaendelea kumtafuta mtoto wa shule wa kumsomea, miaka mingi baada ya jirani yake kuachana na utumwa huo.

BARUA ILIYOZALIWA WAZI

Barua pepe ya kwanza kupitia mtandao wa kompyuta ilitumwa nchini Marekani mwaka 1971 na mhandisi Ray Tomlinson. Kwa miaka 20 hivi iliyofuata, barua pepe ilikuwa maneno matupu. Utaratibu wa kuambatisha picha, sauti na mafaili ya namna nyingine ulikubaliwa rasmi mwaka 1992.

Jambo hili ni la msingi, na wengi hawalifahamu. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Namba hiyo yaweza kuonyeshwa kwenye kioo kwa anayeona, yaweza kutamkwa kwa sauti kwa asiyeona, na kwa kifaa maalumu yaweza kuinuliwa kuwa nukta chini ya vidole vyake. Herufi ni ile ile. Njia ya kuipokea ndiyo inayotofautiana. Kwa hiyo barua pepe, tangu kuzaliwa kwake, ilikuwa barua ambayo mtu anayeona na mtu asiyeona waliweza kuandikiana bila ya yeyote kati yao kujifunza maandishi ya mwenzake.

Vyombo vya kuisoma navyo vimekuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 1989 ilitolewa programu iitwayo JAWS, kazi ya kampuni iliyoanzishwa na Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Programu hiyo ilikuwa nzuri lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa walio wengi. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuandika programu nyingine iitwayo NVDA, ambayo hutolewa bure mpaka leo na ambayo mtu anaweza kuibeba kwenye flashi mfukoni mwake na kuitumia katika kompyuta yoyote ya Windows anayoruhusiwa kuikalia. Tangu mwaka 2009 simu za iPhone zimekuwa na programu ya namna hiyo iitwayo VoiceOver, na simu za Android zina yake iitwayo TalkBack. Hizi huwa ndani ya simu tangu dukani au hupatikana bila malipo. Kinachohitajika ni kujua tu mahali pa kuziwasha.

Msomaji asiyeona hatumii panya ya kompyuta. Huweka vidole vyake vya shahada juu ya herufi F na J, ambazo katika kibodi karibu zote zina kialama kilichoinuka, na kutoka hapo huzijua herufi nyingine zote. Hushuka kwa mshale katika orodha ya barua, na sauti humtajia jina la aliyeandika, kichwa cha habari na tarehe. Akifika kwenye barua aitakayo hubonyeza kitufe cha kuingia, na barua husomwa tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Akitaka neno fulani litajwe herufi kwa herufi, kama vile jina la mtu au namba ya akaunti, hutajiwa. Kwa kutumia visikizi vya masikioni, mtu aliyeketi kiti cha pili hasikii kitu.

Hivyo ndivyo mtu asiyeona wa Igoma, wa Nansio au wa Sengerema anavyoweza leo kupokea barua ya mwajiri wake, kuisoma peke yake na kuijibu peke yake. Siri yake imerudi mikononi mwake.

PICHA YA MANENO SI MANENO

Sasa utazamwe utaratibu wa ofisi nyingi, za umma na za binafsi. Barua huandikwa kwa kompyuta na katibu muhtasi. Wakati huo ni maneno halisi, ambayo programu ya kusoma kwa sauti ingeweza kuyatamka yote. Kisha barua huchapwa kwenye karatasi, hutiwa sahihi, hupigwa muhuri, hupewa namba ya kumbukumbu masjala, na baada ya hapo hupigwa picha kwa skana au kwa simu. Picha hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye barua pepe. Ndani ya barua pepe yenyewe huwa hakuna neno, au huwa na sentensi moja tu: "Tafadhali tazama kiambatisho."

Programu ya msomaji asiyeona inapofika kwenye kiambatisho hicho hutamka "picha", au husema kwamba ukurasa ni mtupu. Kwa kompyuta, barua iliyopigwa picha haina tofauti na picha ya Mwamba wa Bismarck. Zote mbili ni madoa ya rangi. Maneno yaliyokuwamo muda mfupi uliopita, katika jengo lile lile, yamegeuzwa kuwa kitu kisichosomeka, na aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifuata mazoea.

Athari za mazoea hayo si ndogo. Chukuliwe mfano wa mwalimu asiyeona aliyehitimu chuo na kuomba kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Mwalimu huyo anaitwa kwenye usaili, na wito huo unakuja kwa barua pepe iliyo picha. Hapana budi aende kwenye duka la vifaa vya ofisi, ampe kijana wa dukani simu yake au neno lake la siri, na kijana huyo amsomee mbele ya wateja wengine. Kama duka limefungwa, husubiri kesho. Kama siku ya usaili ilikuwa kesho hiyo, nafasi imekwisha kupotea, na katika kumbukumbu za mwajiri itaandikwa kwamba mwombaji hakufika.

Barua ya benki, majibu ya hospitali, notisi ya mahakama na taarifa ya mkopo wa mwanafunzi hupita katika njia hiyo hiyo. Anayelazimika kusomewa barua ya benki anakabidhi siri ya fedha zake kwa mtu asiyemjua vizuri, katika nyakati ambazo utapeli kwa njia ya simu umekuwa jambo la kila siku. Anayelazimika kusomewa majibu ya vipimo anamfanya mtu mwingine kuwa wa kwanza kuujua ugonjwa wake. Huyo ndiye mtoto wa shule wa zamani, amerudi kwa sura nyingine.

Zipo kufuli nyingine pia. Mtu anayefungua anwani ya barua pepe au kuomba kazi kwenye mtandao huweza kutakiwa athibitishe kwamba yeye ni binadamu kwa kuzisoma herufi zilizopindwapindwa, au kwa kuchagua picha zenye pikipiki. Asiyeona ni binadamu, lakini mtihani huo anaufeli. Vipo vitufe visivyopewa majina, ambavyo kwa macho vina alama ya bahasha au ya kishale, lakini programu hutamka "kitufe, kitufe, kitufe", na msomaji hajui kipi kinatuma barua na kipi kinaifuta. Zipo fomu zinazotakiwa kuchapwa, kujazwa kwa kalamu, kupigwa picha na kurudishwa. Kila moja ya kufuli hizo iliwekwa na mtu, na mtu anaweza kuiondoa.

Wakazi wa Misungwi na Sengerema wanajua maana ya kusubiri kivuko, na wanajua tofauti iliyoletwa na Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Barua pepe ni daraja lililokwisha kujengwa. Anayetuma picha ya barua ameweka gogo katikati ya daraja, kisha anashangaa kwa nini wengine bado wanaulizia kivuko.

HOJA ZA WATENDAJI

Zipo hoja zinazotolewa kuutetea utaratibu huu, na zinastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni ya muhuri na sahihi. Husemwa kwamba barua isiyo na muhuri si barua rasmi. Hoja hii ina uzito, kwani muhuri umelinda ofisi dhidi ya barua za kughushi kwa miaka mingi. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuyatambua maandishi na sahihi za kielektroniki. Na hata ofisi inayotaka kushikilia muhuri wake haizuiwi kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuambatisha picha yenye muhuri, na kuyaweka maneno yote ya barua ndani ya barua pepe yenyewe. Maneno hayo yapo tayari katika kompyuta ya katibu muhtasi. Kuyanakili na kuyabandika ni kazi ya chini ya dakika moja, wala haihitaji bajeti, zabuni wala kikao cha kamati.

Hoja ya pili ni ya uchache. Husemwa kwamba wasioona wanaotumia barua pepe ni wachache mno kuweza kubadilishiwa utaratibu. Uchache huo, kwa kiasi kikubwa, ni matokeo ya kufuli zenyewe. Barabara isiyopitika haihesabiwi umuhimu wake kwa idadi ya magari yanayopita. Zaidi ya hayo, wanaonufaika na maneno halisi ni wengi kuliko wasioona kabisa. Watu wenye ualbino, ambao mikoa ya Ziwa inao wengi, kwa kawaida huwa na uoni hafifu, na kwao maneno halisi huweza kukuzwa bila ya kuharibika, ilhali picha ikikuzwa huwa ukungu. Mzee mwenye mtoto wa jicho anayengoja upasuaji anaweza kuisikiliza barua yake badala ya kukodoa macho. Hata mtu mwenye macho mazima aliyeko Ukara au kisiwa kingine chenye mtandao dhaifu atanufaika. Ukurasa mmoja wa maneno una uzito wa kilobaiti chache tu, lakini picha ya ukurasa huo huo huweza kuwa na uzito wa mara mia au mara elfu. Maneno yatafika, na picha itazunguka kwenye kioo mpaka salio liishe.

Hoja ya tatu ni mpya. Husemwa kwamba simu za siku hizi zina uwezo wa kuyatambua maneno yaliyo ndani ya picha, kwa hiyo tatizo limekwisha. Ni kweli kwamba programu hizo zipo na zimewasaidia wengi. Lakini karatasi iliyopigwa picha ikiwa imekunjamana, au yenye muhuri uliolala juu ya tarehe, huisumbua mashine. Namba 3 husomwa 8, na tarehe 1 husomwa 7. Kosa la herufi moja katika hadithi halidhuru, lakini kosa la tarakimu moja katika namba ya akaunti au siku ya kesi ni hasara. Tena, baadhi ya programu hizo huipeleka picha kwenye kompyuta za mbali ili isomwe huko, na hivyo siri ya barua hupita tena mikononi mwa wengine. Juu ya yote, hoja hiyo inambebesha msomaji mzigo ambao mwandishi angeuondoa kwa dakika moja.

KISWAHILI NA SAUTI YA MASHINE

Lugha nayo ina nafasi yake katika jambo hili. Kiswahili kina bahati kubwa: huandikwa kama kinavyotamkwa. Mashine inayosoma Kiingereza hulazimika kufundishwa maelfu ya maneno yasiyofuata kanuni, lakini mashine inayosoma Kiswahili huhitaji kanuni chache tu za silabi na mkazo. Sauti ya bure iitwayo eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA, husoma Kiswahili. Ni sauti kavu ya mashine, lakini inaeleweka. Kampuni ya Microsoft nayo ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, moja ya kike iliyopewa jina la Rehema na moja ya kiume iliyopewa jina la Daudi, ambazo hutamka kwa ulaini unaokaribia wa mtu.

Kikwazo ni kwamba kompyuta na simu nyingi zinazouzwa madukani huwa zimewekwa lugha ya Kiingereza. Programu ikianza kuisoma barua ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, msikilizaji husikia sauti zisizo na maana katika lugha yoyote. Kubadilisha lugha ya sauti ni kazi ndogo, lakini lazima awepo wa kumwonyesha mtu namna ya kuifanya.

Waandishi wa barua nao wana wajibu wao. Mtindo wa kiofisi umejaa vifupisho kama "Yah", "Kumb. Na." na "S.L.P.", ambavyo jicho limevizoea lakini mashine huvitamka kama mafumbo. Mstari wa nyota 40 uliowekwa kupamba barua huweza kusomwa "nyota, nyota, nyota" mpaka msikilizaji achoke. Kichwa cha habari kinachosema "Barua" hakimwambii kitu mtu anayezipitia barua 30 kwa masikio. Kinachosema "Wito wa usaili, 14 Machi, saa 3 asubuhi, Nyegezi" kimemaliza nusu ya kazi. Barua iliyoandikwa hivyo ni barua nzuri kwa kila msomaji, na walimu wa uandishi walikuwa wakiufundisha ufupi na uwazi huo hata kabla ya kompyuta kuja.

SHULE NDIYO MIZIZI

Barua nzuri haitoshi kama msomaji hakufundishwa kuifikia. Katika Kanda ya Ziwa zipo shule zinazopokea watoto wasioona na wenye uoni hafifu pamoja na wenzao wanaoona, kama vile Mitindo wilayani Misungwi na Mugeza Mseto mjini Bukoba. Katika shule za namna hiyo nukta nundu hapana budi ziendelee kuwa msingi, kwani anayejifunza kwa masikio tu hajui tahajia, na asiyejua tahajia hawezi kuandika barua ya kuheshimika. Lakini mtoto anayemaliza shule akijua nukta nundu bila ya kujua kibodi ametolewa nusu ya njia.

Nchi jirani ya Kenya inatoa funzo zuri. Tangu mwaka 2009 shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, limekuwa likiwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona, likianzia katika shule ya wasioona ya Thika. Watoto hujifunza kuchapa, kutafuta habari na kuandikiana barua pepe wakiwa bado wadogo, kabla ya woga wa mashine haujawaingia. Mwaka 2022 Kenya ilikwenda hatua ya mbele zaidi ilipotoa kiwango cha taifa kinachoeleza namna bidhaa na huduma za teknolojia ya habari zinavyotakiwa kutengenezwa ili watu wenye ulemavu waweze kuzitumia. Funzo la Thika ni kwamba jambo hili lilianza kwa chumba kimoja, mashine chache na walimu waliokuwa tayari.

Mwanza haikosi watu wa kuifanya kazi hiyo. Upo Chuo cha Ualimu Butimba, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, na ipo maktaba ya mkoa. Mwalimu mwanafunzi anayejifunza namna ya kuwasha sauti ya simu na kuzunguka katika kibodi bila ya panya anahitaji siku chache tu. Maktaba yenye kompyuta moja iliyowekwa NVDA na visikizi vya masikioni imefungua dirisha kwa watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa tayari kazini, ambao hawatarudi tena darasani. Na asidhani mtu kwamba elimu hiyo haina mwisho mzuri. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria, na kazi ya ofisi kama hiyo ni kazi ya nyaraka tangu asubuhi hadi jioni.

HAKI, WALA SI HISANI

Ndugu wananchi, ni kosa kulichukulia jambo hili kuwa ni sadaka kwa watu wenye shida. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya mawasiliano yake binafsi. Haikusema kila mtu anayeona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja barua katika ibara yake ya 22, pale unapokataza kuingilia faragha ya mtu mwenye ulemavu, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Ofisi inayomlazimisha mtu kumtafuta wa kumsomea barua yake imeifungua bahasha yake mbele ya watu, ijapokuwa haikuugusa ulimi wa bahasha hiyo.

Yanayotakiwa kufanywa ni machache na yanajulikana. Kila ofisi iweke maneno ya barua ndani ya barua pepe, hata kama itaambatisha picha yenye muhuri. Kila faili la PDF litolewe moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta iliyoandika barua, lisipigwe picha. Kila picha isiyo budi kuwekwa iandikiwe maelezo mafupi ya kilichomo. Watengenezaji wa mifumo ya maombi ya kazi, ya mikopo na ya huduma wavipe vitufe vyao majina, na wawaite watumiaji wasioona waijaribu mifumo hiyo kabla ya kuzinduliwa, kwani kutengeneza upya baadaye ni gharama mara mbili. Wakuu wa idara wasingoje waraka kutoka juu ndipo waanze. Hakuna kifungu cha sheria kinachomkataza katibu muhtasi kubandika maneno.

Mikoa ya Ziwa iliwahi kuwa uwanja wa kujaribia vita vya kisomo, na taifa zima likajifunza kutoka kwake. Wakati ule palihitajika vitabu, taa za chemli, walimu wa kujitolea na miaka mingi ya jioni za darasani. Sehemu iliyobaki ya kazi hiyo, kwa wale ambao wino uliwaacha nyuma, ni nyepesi zaidi. Ofisi ya Mwanza inayomwandikia mtu asiyeona leo asubuhi yaweza kuianza kabla ya saa ya chai.